Aliyeifungulia Uber milango Ulaya na Afrika asema dereva aliuziwa uongo

KATI ya mwaka 2014 na 2016 kazi ya Mark MacGann, raia wa Ireland, ilikuwa kubisha hodi kwa mawaziri, mameya na wakuu wa idara za usafiri. Alikuwa mshawishi mkuu wa kampuni ya Kimarekani ya Uber kwa Ulaya, Mashariki ya Kati na Afrika. Ujumbe aliokuwa akiupeleka ulikuwa mmoja: legezeni sheria za teksi, abiria atapata usafiri wa bei nafuu na kijana asiye na kazi atapata kipato.

Julai 2022 Bw. MacGann alijitokeza hadharani na kukiri kuwa yeye ndiye aliyelipatia gazeti la Guardian la Uingereza nyaraka zaidi ya 124,000 za ndani ya kampuni hiyo. Oktoba mwaka huo huo aliitwa mbele ya kamati ya Bunge la Ulaya mjini Brussels. Alichosema ni kwamba yeye ni miongoni mwa waliowaambia watawala kuwa dereva atanufaika, na kwamba jambo hilo halikuwa kweli.

Haki itendeke kwa pande zote. Bw. MacGann alikuwa na mgogoro wa malipo na mwajiri wake huyo wa zamani, uliomalizwa nje ya mahakama. Uber nayo ilijibu kuwa makosa ya miaka hiyo haiyatetei na kwamba imekuwa kampuni tofauti tangu ilipopata mkuu mpya, Dara Khosrowshahi, mwaka 2017. 

Habari hii si ya Wazungu peke yao. Afrika ilikuwa ndani ya eneo la kazi la Bw. MacGann. Uber iliingia Nairobi mwaka 2015 na Dar es Salaam mwaka 2016, kipindi kile kile. Wenye magari walikopa benki, wengine waliuza viwanja, kwa kuamini hesabu za miezi ya mwanzo. Mwaka 2016 kampuni ikashusha nauli za Nairobi kwa asilimia 35 na madereva wakagoma. Nauli ilishuka, lakini rejesho la mkopo benki lilibaki pale pale.

Mkulima ataielewa biashara hii haraka kuliko mtu wa mjini. Mnunuzi mpya anafika kijijini msimu wa kwanza na bei nzuri kupita ya chama cha msingi, analipa taslimu, na anawapa wapeleka mzigo wa kwanza zawadi. Wakulima wanakihama chama, ghala linabaki tupu, chama kinakufa. Msimu wa tatu mnunuzi amebaki peke yake sokoni, na bei anaipanga yeye.

Uber ilifanya hivyo kwa fedha za wawekezaji. Abiria alilipa nauli ya chini kuliko gharama halisi, dereva alipewa bonasi, na pengo likazibwa kwa mitaji. Mwaka 2019 pekee kampuni ilipata hasara ya dola bilioni 8.5 hivi. Faida ya kwanza ya uendeshaji kwa mwaka mzima ilikuja mwaka 2023. Njia mojawapo ya kutoka kwenye hasara kwenda kwenye faida ni kupandisha nauli, na nyingine ni kupunguza kinachobaki mkononi mwa dereva.

Swali ambalo mahakama za nchi nyingi zimelazimika kulijibu ni hili: dereva huyu ni mfanyabiashara aliyejiajiri, au ni kibarua wa kampuni? Kampuni husema yenyewe ni dalali tu, inamkutanisha mwenye gari na mwenye safari. Kama ni dalali, haidaiwi kima cha chini cha mshahara, likizo wala pensheni.

Mahakama ya Juu ya Uingereza ilitoa jibu Februari 19, 2021 katika kesi iliyofunguliwa na madereva wakiongozwa na Yaseen Aslam na James Farrar. Majaji waliangalia nani anapanga nauli, nani anaandika masharti ya mkataba, dereva anafanywa nini akikataa safari mara kwa mara, nani anasimamia alama anazopewa na abiria, na kama anaruhusiwa kuzungumza na abiria wake baada ya safari kwisha. Kote jibu lilikuwa kampuni. Wakaamua kwamba dereva ni mfanyakazi mwenye haki ya kima cha chini na likizo ya malipo, na kwamba yuko kazini tangu anapowasha programu kwenye simu yake akiwa tayari kupokea safari.

Dalali wa nyanya sokoni Kariakoo huchukua chake kwa kila tenga, na wapo wanaolalamikiwa. Lakini mwenye nyanya anaweza kugoma kuuza, akahamia kwa dalali mwingine, na anamfahamu aliyenunua. Dalali anayepanga bei peke yake, anayemficha mnunuzi na anayekufungia biashara ukimkatalia, majaji walimwona kuwa ni tajiri wako, hata kama kwenye karatasi anaitwa jina jingine.

Mwezi mmoja baadaye Uber ilikubali kuwalipa madereva wake zaidi ya 70,000 wa Uingereza kima cha chini, likizo na mchango wa pensheni. Ilihesabu, hata hivyo, kuanzia dereva anapokubali safari hadi anapomshusha abiria. Muda wa kusubiri uliachwa nje, na hapo ndipo ugomvi ulipobaki.

Marekani kwenyewe, kampuni hizo zilipozaliwa, mambo yalikwenda njia nyingine. Jimbo la California lilipitisha sheria mwaka 2019 iliyoanza kutumika Januari 2020, ikiwabana waajiri wanaowaita vibarua wao kuwa ni watu waliojiajiri. Uber, Lyft, DoorDash na wenzao wakaenda kwa wapiga kura. Walitumia zaidi ya dola milioni 200 kwenye kampeni ya Pendekezo Namba 22, na Novemba 2020 likapita kwa karibu asilimia 59. Dereva akabaki mtu huru. Aliahidiwa asilimia 120 ya kima cha chini cha eneo lake, lakini kwa muda ambao yuko kwenye safari tu. Kusubiri hakulipwi. Tena pendekezo hilo liliwekewa kufuli: bunge la jimbo haliwezi kulirekebisha bila kura saba kati ya kila nane. Jaji mmoja alilitengua mwaka 2021, lakini Mahakama ya Juu ya California ikalithibitisha Julai 2024.

Hapa ndipo Mzungu wa Ulaya anapowashangaa Wamarekani. Kwao, kuipeleka haki ya mfanyakazi kwenye kura inayogharimiwa na mwajiri ni sawa na kumpa fisi bucha. Wengi wao wanadhani ni suala la chama: Republican ni cha matajiri, Democratic ni cha wafanyakazi.

Mambo si mepesi hivyo. Mtu aliyeajiriwa na Uber mwaka 2014 kuongoza siasa zake alikuwa David Plouffe, meneja wa kampeni ya Barack Obama ya mwaka 2008. Mwaka 2017 bodi ya maadili ya jiji la Chicago ilimtoza faini ya dola 90,000 kwa kumshawishi meya bila kujiandikisha. Mwanasheria mkuu wa Uber, Tony West, ni shemeji yake Kamala Harris, ambaye mwenyewe alipinga Pendekezo Namba 22. Na siku hiyo hiyo ya Novemba 2020, wapiga kura wa Florida walimpa Donald Trump jimbo lao, kisha kwenye karatasi hiyo hiyo wakapitisha kwa karibu asilimia 61 kima cha chini cha dola 15 kwa saa kitakachofikiwa hatua kwa hatua hadi mwaka 2026.

Ina maana mpiga kura wa Republican naye anataka ujira mzuri. Kikwazo kiko Washington. Kima cha chini cha serikali kuu ni dola 7.25 kwa saa tangu Julai 2009. Machi 2021 Seneti ilipigia kura kukipandisha hadi dola 15. Waliokubali walikuwa 42 na waliokataa 58, na kati ya hao 58 wanane walitoka upande wa Democratic. Mhudumu wa hoteli ya chakula anayepewa bakshishi anaweza kulipwa na mwajiri dola 2.13 tu kwa saa, kiwango kilichowekwa mwaka 1991, mradi bakshishi ifidie kilichobaki. Majimbo mengi yamejiwekea viwango vya juu zaidi. Mengine, hasa ya kusini, hayajafanya hivyo.

Wa shambani ana historia yake. Sheria ya ujira ya mwaka 1938, enzi za Rais Franklin Roosevelt, iliwaacha vibarua wa mashamba nje kabisa. Wabunge wa kusini hawakutaka kibarua mweusi wa shamba la pamba alipwe kwa sheria, na Roosevelt alihitaji kura zao. Ilichukua hadi mwaka 1966 kwa sehemu ya vibarua hao kuingizwa. Mashamba madogo bado yamesamehewa, na malipo ya saa za ziada kwa kibarua wa shamba hayamo kwenye sheria ya nchi hadi leo. Wanaposema dereva wa mtandaoni ni aina mpya ya mfanyakazi isiyohusika na sheria za zamani, Wamarekani wenye kumbukumbu wanajua si mara ya kwanza kundi zima kuachwa mlangoni.

Ulaya nayo isijisifu mapema. Nyaraka za Bw. MacGann zilionyesha jinsi Emmanuel Macron, alipokuwa waziri wa uchumi wa Ufaransa, alivyoisaidia Uber nyuma ya pazia. Alipoulizwa mwaka 2022 akiwa rais, alisema hajutii. Desemba 2021 Kamisheni ya Ulaya ilileta muswada wa kuwalinda wafanyakazi wa majukwaa ya mtandaoni, waliokadiriwa kuwa milioni 28. Ulizungushwa zaidi ya miaka miwili. Machi 2024 ulipopita, Ujerumani na Ufaransa hazikuuunga mkono. Uliokolewa na Ugiriki na Estonia zilizobadili msimamo dakika za mwisho, na Estonia ndiyo kwao Bolt.

Sheria hiyo inasema pale dalili zinapoonyesha kampuni inamwamuru mtu, achukuliwe kuwa ni mwajiriwa mpaka kampuni ithibitishe vinginevyo. Pia kompyuta peke yake haitamfukuza mtu kazi. Lazima binadamu ahusike. Nchi zote 27 zilipewa hadi Desemba 2, 2026 kuiingiza kwenye sheria zao.

Denmark na Sweden wana njia yao. Hawana kima cha chini kilichotungwa na bunge. Wanategemea mikataba ya hali bora kati ya vyama vya wafanyakazi na waajiri. Mafundi wa Tesla nchini Sweden walipogoma Oktoba 2023 kwa sababu kampuni ilikataa mkataba, wapakuzi wa bandarini walikataa kushusha magari yake na watu wa posta wakakataa kupeleka namba za usajili.

Huku Afrika Mashariki serikali zimeshika upande wa kamisheni. Kanuni za Kenya za mwaka 2022 ziliweka ukomo wa asilimia 18. Tanzania, mamlaka ya LATRA iliweka asilimia 15 mwaka huo huo. Uber ikafunga huduma Aprili, na ilirudi Januari 2023 baada ya ukomo kulegezwa. Madereva waliobaki bila safari miezi hiyo tisa walijifunza kuwa kanuni nzuri isiyo na kampuni ya pili ya kukimbilia inaweza kumlaza mtu njaa. Wenye kampuni nao walijifunza kuwa serikali inaweza kurudi nyuma.

Suala la kama dereva ni mfanyakazi lilipelekwa Geneva. Juni 2025 mkutano wa Shirika la Kazi Duniani, ambalo Tanzania, Kenya na Uganda ni wanachama, uliamua kuandaa mkataba wa kimataifa wa kazi za majukwaa, na mjadala wa pili ukapangwa Juni 2026. Muda wa kusubiri abiria, nani aulipie, ni moja ya mambo ambayo waajiri na wafanyakazi walikwenda huko wakiwa na majibu tofauti.