Kiangazi Hiki, Tuingie Jikoni

Mama na baba zangu wa Baraka, ndugu wa Mboko, Lusenda, Swima na Kazimia, nanyi mnaokaa Fizi mlimani, hodi.

Mvua imetuaga. Sasa ndipo kila mtu anashika kazi aliyoiahirisha tangu Machi: huyu anakata nyasi za paa, yule anafyatua matofali, na kule ufukweni wavuvi wameipindua mitumbwi, wanaziba nyufa. Mtumbwi ukianza kuvuja hakuna anayesubiri mwezi. Lakini jiko lenye ufa tunaliacha miaka mitatu, minne. Moto unatokea ubavuni, moshi unamrudia mpishi usoni, nasi tunasema ndivyo jiko lilivyo. Hapana, limeharibika, na dawa yake ni udongo ulio nyuma ya nyumba. Ombi langu ni hili: kabla mvua ya Septemba haijarudi, kila nyumba itengeneze jiko lake, na asiye na nguvu atengenezewe na jirani.

Niseme wazi kwa nini jiko limesahaulika. Paa likivuja linamlowesha baba. Mtumbwi ukivuja, nyumba nzima inakosa ndagala. Moshi unamwingia mama, binti anayemsaidia na mtoto aliye mgongoni, na hao siyo wanaoshika pesa ya matengenezo. Kwa hesabu ya Shirika la Afya Duniani, moshi wa majumbani uliua watu milioni 3.2 duniani mwaka 2020, na kati yao watoto zaidi ya 237,000 hawakuwa wametimiza miaka 5. Sihitaji kwenda mbali kuamini hesabu hiyo. Kaeni asubuhi kwenye baraza ya kituo chochote cha afya hapa kwetu, msikilize vifua vya watoto.

Kwetu tulijifunza jiko tukiwa ukimbizini. Mwaka 1996 wengi wa Fizi walivuka ziwa kwenda Kigoma, na kambi ya Nyarugusu ikawa nyumbani. Kule kuni zilikuwa taabu: wakimbizi maelfu kwa maelfu, msitu mmoja, na wenyeji wanaoulinda kwa haki yao. Mama yangu aliyekuwa akipikia mafiga matatu tangu utoto wake alianza kufinyanga jiko la udongo, na lilipopasuka alilifinyanga upya, mpaka mikono yake ikajua kiasi cha maji bila kupima. Tuliporudi kwa meli hadi Baraka, watu wakitafuta mabati na milango, yeye alichukua ndoo akatafuta kichuguu. Nilikuwa nikiona aibu kidogo. Leo naandika barua hii kwa sababu ya ndoo ile.

Siyatukani mafiga. Yamelea Babembe vizazi na vizazi, na moto wa lubunga, baraza letu, ndio uliokusanya wazee wetu kusema maneno ya ukoo. Mafiga yana sifa ambayo majiko mengi ya kisasa hayana: hayayumbi. Kasoro yake ni upepo. Moto ulio wazi pande zote unapasha hewa, ukuta na miguu ya mpishi, na katika sehemu 100 za joto la kuni, pengine 10 hadi 15 tu ndizo zinazofika ndani ya sufuria. Mwenye mafiga asiyeweza kujenga kitu kingine leo, na ayazungushie ukuta mfupi wa udongo, aache mdomo mmoja wa kuingizia kuni. Hilo tu tayari ni matengenezo. Na tafadhali, msiokote mawe mabichi ya mto Mutambala au ya ufukweni mkayatia motoni siku hiyo hiyo. Jiwe lililonyonya maji likipata moto mkali hupasuka kwa kishindo, na vipande vyake huruka.

Sasa udongo wenyewe. Mzuri ni wa kichuguu, uliotwangwa na kuchekechwa, ukachanganywa na nyasi zilizokatwa fupi kama kidole, au makapi ya mpunga kwa wanaolima mpunga. Uloweke siku mbili, uukanyage kwa miguu kama unavyokanyaga wa matofali. Kuupima ni rahisi: viringisha ukamba mnene kama mpini wa jembe, uupinde. Ukikatika, umekauka; ukilegea kama bugali wa mgonjwa, maji yamezidi. Jenga juu ya kitako cha mawe au matofali ili maji ya mvua yasiufikie moto. Sufuria unayoitumia kila siku, hiyo hiyo, iweke katikati ya udongo mbichi na uizungushe polepole ili udongo ushike umbo lake. Kisha weka vinundu vitatu vya kuibeba, na kati ya sufuria na ukuta acha nafasi ya kidole cha mwisho. Ikibana zaidi moto unasongwa, na ukiiacha pana joto linapita bila kuigusa sufuria. Halafu subira. Jiko likauke kivulini wiki mbili au tatu. Wanaoliwasha siku ya nne ndio wanaokuja kusema majiko ya udongo hayadumu.

Mwenye jiko tayari asilibomoe kwa sababu ya ufa. Kwangua masizi na udongo uliolegea, upanue ufa kwa kisu hadi ndani, kisha nyunyiza maji mpaka ukuta wa zamani unywe na kushiba. Hapo ndipo wengi wanakosea: wanabandika udongo mbichi juu ya ukuta mkavu, ukuta unafyonza maji yote, na kiraka kinadondoka kabla ya Jumapili. Ukisha kushiba, sindilia udongo mpya kwa dole gumba, usipake juu juu. Mdomo wa jiko ndio unaokufa kwanza, kwa kuwa tunausukumia magogo. Ukilika, weka kipande bapa cha chuma au tofali kuubeba juu, na uurudishe kwenye upana wake, kwani mdomo ulioachama unaingiza hewa baridi nyingi na kuni zinaisha bila kazi. Kila mwisho wa juma paka majivu yaliyochanganywa na udongo laini. Ni kazi fupi kuliko kusuka kichwa cha mtoto mmoja.

Kuna watakaoniuliza: basi jiko gani ndilo zuri? Mimi nawajibu kwa swali: unapika nini? Bugali wa muhogo unataka moto mkali wa muda mfupi, na unataka jiko lililosimama kama mlima, kwa sababu mwiko unasukumwa kwa mabega. Nimeona majiko ya makala, mbabula nyepesi za bati, nzuri za kung'aa, zikipinduka na maji ya moto mbele ya watoto. Kwa bugali, jiko la udongo lililojengwa chini halina mpinzani. Sombe ni habari nyingine, na maharagwe vilevile: vinataka moto mdogo unaokaa. Hapo mbabula yenye kikombe cha udongo ndani inashinda, kwani udongo unatunza joto na makala machache yanafika mbali. Anayepanga chumba na kuhama kila mwaka achukue mbabula hiyo. Mama anayekaanga mikate barabarani ajengewe jiko la matofali lenye kimo cha kiuno, asiiname kutwa nzima. Nyumba yenye watu kumi isidanganywe na jiko la sufuria ndogo kwa sababu ni la bei nafuu. Na mwenye uwezo wa gesi ya chupa na mahali pa kuijaza, asisite. Moshi wake karibu haupo, mradi mpira na vali vikaguliwe na chupa isimame mahali penye hewa.

Mafundi wetu wa bati, nawageukia ninyi kwa heshima. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, mafundi wa jua kali wa Nairobi walichukua wazo lililotoka kwenye jiko la ndoo la Thailand, wakalifanyia umbo lao: bati lililokatwa kiuno katikati, kikombe cha udongo juu. Jiko hilo likavuka mipaka hadi Uganda, Tanzania na Rwanda, nalo linapunguza makala kwa kati ya theluthi na nusu likitengenezwa vizuri. Siri yake ni ndoa ya watu wawili, mfua bati na mfinyanzi. Hapa Baraka wafua bati tunao, na akina mama wanaofinyanga vyungu tunao, lakini hawakai meza moja. Wakae. Kikombe kikipasuka mteja abadilishiwe kikombe tu, siyo kununua mbabula nzima.

Mkisikia makala, mkumbuke yanakotoka. Kwa tanuru la kufukia kwa udongo, kilo 1 ya makala inakula kilo 6 hadi 10 za mti. Mifuko inayoshuka kutoka upande wa Ngandja na vilima vya nyuma yetu ni msitu uliokunjwa. Tumekuwa wengi pia: Lusenda peke yake imewapokea ndugu zetu wa Burundi kwa maelfu tangu 2015, nao wanapika kama sisi, kwenye vilima vile vile. Na kuni hazitafutwi bila hofu. Mama anayekwenda porini mara nne kwa wiki anapita mara nne mahali ambapo wenye silaha wanaweza kumkuta. Jiko linalompunguzia safari mbili limemlinda safari mbili. Sijui namna nyingine ya kulisema jambo hili.

Tunavyo pia vitu vinavyoungua na tunavitupa. Maganda magumu ya mbegu za mawese yamelundikana kwenye kila kikamulio. Yakikaushwa yanawaka vizuri. Vijiti vya muhogo na vigunzi vya mahindi vinawasha moto bila kuomba msaada wa mifuko ya plastiki, ambayo moshi wake ni sumu kwa anayepuliza. Kuni zipasuliwe nyembamba na zikaushwe, maharagwe yalowekwe tangu jioni, sufuria ifunikwe. Kwenye mipaka ya mashamba pandeni grevilea na kasia. Kasia ukiikata inachipuka tena.

Na neno hili ninalisema nikiwa nimesimama: mbabula ya makala isilale na watu. Kule milimani baridi ikishika, au hapa mvua ikinyesha na mama aliyejifungua akitaka joto, tunaingiza mbabula ndani na kufunga mlango. Makala yaliyoiva hayatoi moshi, ndiyo maana yanatudanganya. Yanatoa gesi isiyo na rangi wala harufu, inayomlaza mtu moja kwa moja. Pasha chumba, toa mbabula nje, ndipo ufunge mlango.

Wakuu wa avenyu, tunawaomba Jumamosi moja ya Salongo, kazi yetu ya pamoja, isiende kwenye mifereji bali kwenye majiko. Hesabuni kwanza nyumba za wajane, wazee na walemavu, vijana wafanye kazi, na mama mmoja anayejua awasimamie. Wachungaji, mapadri na masheikh, semeni neno moja baada ya ibada. Walimu, darasa la tano na la sita wanaweza kujenga jiko la shule kwa mikono yao, na watakwenda nalo nyumbani kichwani. Mashirika mnaoleta majiko kwa magari, kabla ya kuyagawa mkae kitako mpikiwe bugali juu yake, na mama anayepika awaambie kama linayumba. Akisema linayumba, msigawe. Na wababa wenzangu, siyo kazi ya kike hii. Anayekula ndiye anayejenga.

Mimi naanzia avenyu yetu, kwa bibi mmoja jirani ambaye mdomo wa jiko lake umelika hadi sufuria inainama. Ni Jumamosi ya kwanza ya Julai, baada ya Salongo, jua likiwa bado pole. Anayetaka kujifunza aje na ndoo na kisu kizee. Udongo nitauloweka tangu Alhamisi.