Chanjo ya Haraka Inahitaji Uangalizi wa Muda Mrefu

Na Rehema Kibwana

Tarehe 24 Julai 2021 dozi 1,058,400 za chanjo ya UVIKO-19 ya Johnson & Johnson, zilizotolewa na Marekani kupitia COVAX, yaani mpango wa kimataifa wa kugawana chanjo, zilipokelewa Dar es Salaam, na siku nne baadaye Rais Samia Suluhu Hassan akachanjwa hadharani Ikulu. Hata hivyo, mwanzoni mwa 2022 Tanzania ilikuwa bado miongoni mwa nchi 34 ambazo hazikuwa zimevuka asilimia 10 ya watu waliokamilisha chanjo. Wapo wanaoutaja ujinga wa wakazi wa maeneo ya Dar es Salaam kama Mbagala, Tandika, Tandale au Bunju kuwa chanzo cha hali hiyo, lakini maelezo hayo hayawatendei haki wananchi waliouliza swali la msingi, yaani vipi dawa iliyopatikana ndani ya mwaka mmoja iaminike kuwa salama.

Waliosita walikuwa na sababu zinazoeleweka. Tarehe 27 Januari 2021, akiwa Chato, Rais John Magufuli alilitahadharisha taifa dhidi ya chanjo za kigeni, akihoji iweje chanjo ya korona ipatikane ilhali ya UKIMWI haijapatikana. Mwezi Mei mwaka huohuo kamati ya wataalamu iliyoundwa na mrithi wake, Rais Samia, chini ya uenyekiti wa Profesa Said Aboud, ilipendekeza chanjo zitumike. Katika muda wa miezi minne hivi, mwananchi alitakiwa ayaache aliyoyasikia kwa mkuu wa nchi mmoja na kuyafuata ya mwingine, wakati swali la Chato lilikuwa bado linazunguka vijiweni na kwenye daladala.

Swali hilo lina jibu, na jibu lenyewe halihitaji shahada kulielewa. Kirusi cha UKIMWI hujibadilisha kwa kasi kubwa na hujipachika ndani ya vinasaba vya chembe za kinga zenyewe, ndiyo maana miongo minne ya utafiti haijazaa chanjo. Kirusi cha korona kina protini ya miiba, yaani vichomozo kinavyovitumia kujishikiza kwenye chembe za mwili wa binadamu, na protini ya aina hiyo ilikuwa ikichunguzwa tangu mlipuko wa SARS ulioanza 2002 na ule wa MERS wa 2012, magonjwa yanayoletwa na virusi vya jamii hiyohiyo. Hata njia iliyotumiwa na Johnson & Johnson, ya kuyapachika maelekezo ya kuunda protini hiyo ndani ya kirusi kingine kilichoondolewa uwezo wa kuzaliana, ilikwisha kutumika katika chanjo ya Ebola iliyoanza kutolewa Goma, mashariki mwa Kongo, Novemba 2019. Kilichopunguzwa mwaka 2020 kilikuwa hasa muda wa kusubiri, kwa kuwa fedha zilitolewa mapema, hatua za majaribio zilipishana badala ya kungojana, na viwanda vilianza kuzalisha kabla ya matokeo kutoka.

Liko jambo moja, hata hivyo, ambalo haraka hailiwezi, nalo ni kuyaona madhara ya nadra. Chanjo ya Johnson & Johnson ilijaribiwa kwa watu wapatao 44,000, idadi inayotosha kuonyesha kama inakinga na kama ina madhara ya kawaida, lakini isiyoweza kufichua dhara linalompata mtu mmoja kati ya mamia ya maelfu. Tarehe 13 Aprili 2021 mamlaka za Marekani ziliisimamisha kwa muda baada ya wanawake 6, kati ya watu wapatao milioni 6.8 waliochanjwa, kupata tatizo la kuganda kwa damu linaloambatana na kupungua kwa chembe sahani, ambazo kazi yake ni kuzuia damu isivuje. Siku kumi baadaye ilirejeshwa, na mwaka uliofuata matumizi yake yakawekewa mipaka zaidi nchini humo. Wengi waliipokea habari hiyo kama uthibitisho wa hofu yao, ingawa ilithibitisha pia kwamba yupo aliyekuwa akiwaangalia waliochanjwa, akahesabu, na akasema alichokiona.

Kwetu, udhaifu uko katika uangalizi huo wa baada ya chanjo, na fomu ya ridhaa waliyotakiwa kusaini waliochanjwa inauonyesha vizuri. Ridhaa ni hiari ya mtu anayekubali huduma baada ya kuelezwa faida na hatari zake, na kwa mtaalamu wa afya karatasi hiyo ni haki ya anayechanjwa. Lakini mkazi wa Chamazi huombwa saini anapokopa, anapouza kiwanja au anapoingizwa ndugu yake chumba cha upasuaji, na katika nyakati zote hizo saini humaanisha kwamba likitokea la kutokea, mzigo ni wake. Karatasi iliyokusudiwa kumlinda ikasomeka kama serikali inajivua lawama, na hofu hiyo ilihitaji kujibiwa kwa maelezo ya wazi kuhusu nani atamhudumia akipata dhara, wapi, na kwa gharama ya nani.

Lugha yenyewe inatoa fundisho katika hili. Kabla ya kuwa neno la hospitali, kuchanja kulikuwa kuikata ngozi kwa wembe, kama afanyavyo mganga anayechanja chale na kupaka dawa. Bila kuingia katika ubishi wa dawa hizo, ni dhahiri kwamba aliyechanja anajulikana anapokaa, na mgonjwa akizidiwa usiku ndugu zake wanajua mlango wa kugonga. Kampeni ya chanjo iliyokuja na meza, mwavuli na kreti ya barafu, kisha ikaondoka jioni, haikuacha mlango wa namna hiyo.

Adhabu nayo haikuuziba upungufu huo. Askofu Josephat Gwajima, wakati huo mbunge wa Kawe katika wilaya ya Kinondoni, alipoipinga chanjo kanisani, Bunge lilimsimamisha kuhudhuria mikutano miwili mwezi Agosti 2021. Hatua hiyo ilimhusu mbunge, na muumini aliyemsikiliza alirudi nyumbani na shaka yake ileile. Isitoshe, tatizo halikuanza na haraka ya 2020, kwa sababu chanjo ya saratani ya mlango wa kizazi, iliyozinduliwa Mbagala Zakhem, Temeke, Aprili 2018, ilikuwa imetumika duniani kwa zaidi ya miaka kumi, na bado iliandamwa na uvumi wa ugumba.

Chanjo zijazo zitakuja kwa kasi kubwa zaidi. Rwanda ilitangaza mlipuko wa Marburg tarehe 27 Septemba 2024 na kuanza kutoa chanjo ya majaribio tarehe 6 Oktoba, na Uganda ilianza jaribio la chanjo ya Ebola aina ya Sudan siku nne tu baada ya kutangaza mlipuko wa Januari 2025. Tanzania, ambayo mkoa wake wa Kagera umekwisha kupigwa na Marburg mwaka 2023 na tena 2025, haina budi kujiandaa sasa. Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, TMDA, hupokea taarifa za maudhi, yaani madhara yasiyokusudiwa ya dawa na chanjo, lakini taarifa hizo hutegemea mwananchi ajue pa kuzipeleka na arudishiwe majibu. Basi kila ofisi ya serikali ya mtaa, Kinondoni, Temeke na kwingineko, ibandike ukutani jina la zahanati inayohusika na namba ya simu ya mhudumu atakayepokea malalamiko ya aliyechanjwa, leo kwa chanjo za watoto na kesho kwa chanjo ya dharura, na idadi ya taarifa zilizopokelewa pamoja na hatua zilizochukuliwa isomwe kwenye mkutano wa mtaa kila baada ya miezi mitatu.