Fowili si miujiza, mwachieni dereva aamue

Nimeripoti timu zikifungwa kwa penalti za utata na mabao ya kuotea. Machi mwaka jana niliripoti timu iliyofungwa na tope.

Tulitoka Mpanda saa 5:00 asubuhi, tumechelewa kwa sababu hela ya mafuta ilichelewa. Wachezaji 12, meneja na mimi, tumebanana kwenye hadtopu ya kukodi. Mechi ilikuwa saa 10:00 jioni, upande wa Mpimbwe. Tukapita Sitalike, tukakatiza hifadhi, tukafika Kibaoni salama. Mbele kidogo meneja akasema kuna njia ya mkato katikati ya mashamba ya mpunga. Mvua ilikuwa imepiga usiku kucha.

Dereva, mtu mzima kabisa, akasimamisha gari. "Bosi, hii ni mbuga. Tuzunguke."

Meneja akacheka. "Mzee, si fowili hii? Weka twende, vijana wapashe misuli."

Akashuka, akafunga loki za magurudumu ya mbele, tukaingia. Angefanyaje? Anayelipa ndiye anayeamua.

Tulikwenda kama kilomita 2, na tatizo ndilo hilo. Noah ingekwama hatua 10 kutoka barabarani, tungeisukuma na kurudi. Fowili ilitupeleka ndani kabisa, mbali na trekta, mbali na mtu wa kutusaidia, ndipo ikakwama. Udongo mweusi wa mbuga ulijaa kwenye kashata za tairi hadi zote nne zikawa laini kama vipara. Zikazunguka pale pale, gari likakalia tumbo. Injini ina nguvu, fowili imeingia, lakini hakuna cha kushika.

Tuliutoa mkonge ule wa chuma saa 12:00 jioni, kwa majembe ya kuazima. Wenyeji walishachukua pointi zao za mezani. Na nani alilaumiwa? Dereva.

Mimi nasema hapana. Soka letu la mikoani linaendeshwa na watu wanaodhani fowili ni hirizi. Fowili inagawa nguvu ya injini kwenye magurudumu manne, basi. Haiongezi breki, kwenye mteremko wa utelezi gari litaserereka kama jingine. Wala haifundishi gari kuogelea.

Hilo la kuogelea ndilo linaloniogopesha zaidi. Tope lilitunyima pointi, lakini maji yanaua. Maji yanayokwenda kasi yakifika sentimita 60 yanaweza kubeba magari mengi, pikapu zikiwemo. Madereva wazoefu hushuka kupima kina kwa miguu kabla ya kuvuka. Huku kwetu nani ashuke? Katuma ina mamba na viboko. Kama huoni chini na huwezi kushuka, unasubiri yapungue au unageuza. Sasa mwambie hivyo meneja anayeangalia saa, na nyuma kuna watoto wa watu 12.

Wanaosema dereva wetu alikuwa mwoga waangalie jirani zetu Kenya. Shekhar Mehta alishinda Safari Rally mara 5, mwaka 1973 kisha mfululizo kuanzia 1979 hadi 1982, kwa Datsun zinazosukumwa na magurudumu ya nyuma tu. Gari la fowili lilikuja kushinda mbio zile mwaka 1987. Na hadi leo madereva wakubwa wa dunia, kabla ya mashindano, huipita njia taratibu wakiandika kila kona na kila shimo. Wao wanaikagua barabara, sisi tunaiotea.

Chama cha soka mkoa kinaweza kuanza na ratiba. Mechi za mbali zisipangwe Machi wakati kila mtu anajua mbuga zimejaa. Ikishindikana, timu isafiri siku moja kabla, ibebe koleo na kamba, na kanuni iseme wazi: dereva akikataa njia, timu isiadhibiwe kwa kuchelewa. Mwamuzi akisema uwanja haufai, mbona tunamsikiliza?

Jumamosi hii timu ile inarudi kule kule, na dereva ni yule yule. Nilimpigia jana. Amesema wanaondoka Ijumaa asubuhi na watazunguka, na safari hii funguo analala nazo mwenyewe.