Fuko shambani: tuache sumu, tushike mtego



Juma hili tunarudi shambani, sababu katika mikutano yetu ya mwisho neno moja limesemwa na karibu kila mama: fuko. Mama anaenda kuchimba viazi vitamu vya jioni. Juu majani ni mazuri, chini anakuta shimo tupu. Mwingine anaona mti wa muhogo umelala. Anauvuta kwa mkono mmoja nao unatoka bila mzizi hata mmoja. Na mbele ya nyumba, pale tulipopanda majani ya kushika udongo, kila asubuhi kuna vilima vipya.

Hasira tunaielewa. Kiazi kile kilikuwa chakula cha watoto, na cha kuuza kilikuwa minervali yao. Lakini kuna jambo lililotokea kati yetu, na ndilo limetufanya tuandike leo.

Mama mmoja wa kikundi chetu alinunua sokoni unga wa sumu, umefungwa katika kaplastiki kadogo kasiko na jina. Akaupaka kwenye vipande vya kiazi, akavisukuma ndani ya mashimo. Majirani hakuwaambia. Siku ya pili vijana wa jirani wakamkuta fuko amelala karibu na shimo, amekufa. Huku kwetu milimani fuko ni mboga kwa jamaa nyingi, basi wakampasua na kuwasha moto. Koko mmoja akapita, akauliza neno moja tu: "Nani alimtega?" Wote kimya. Koko akaichukua nyama, akaitupa ndani ya choo. Lakini mbwa wa lupango alikuwa amekwisha kula matumbo. Jioni ile mbwa akafa.

Kama koko angepita njia nyingine, leo tungekuwa kwenye matanga. Hatumsemi vibaya mama yule. Wengi wetu tumefanya kama yeye, na ni yeye mwenyewe aliyeomba habari hii iandikwe.

Tujue kwanza adui wetu. Fuko wa milima ya Kivu anaishi peke yake. Shimo moja, fuko mmoja, isipokuwa mama mwenye watoto wadogo. Vilima kumi unavyoviona vinaweza kuwa kazi ya mmoja tu. Anachimba kwa meno, anasukuma udongo juu, na chini ana njia ndefu pamoja na ghala anamoweka viazi na mizizi. Na hapendi njia yake iwe wazi. Ukiifungua, mwanga na upepo vikaingia, anarudi kuziba.

Sasa ona kwa nini sumu haitusaidii. Mara nyingi fuko anakisukuma kipande chenye sumu nje pamoja na udongo, kuku wakakiokota. Tena akifa, shimo linabaki tayari, na fuko wa shamba la pili anahamia humo. Na unga ule unabaki katika udongo ule ule wa viazi vyetu, au mvua inauteremsha hadi kwenye maji tunayochota. Hata majani ambayo watoto wanakata kwa ajili ya sungura wa nyumbani yanaweza kuwa na sumu. Tumepoteza feza, na fuko bado yuko.

Tufanye nini basi? Haya ndiyo tuliyoyaona yakisaidia.

Jioni, kanyaga vilima vyote hadi vilale. Asubuhi angalia ni wapi kuna udongo mpya, wenye unyevu. Hapo ndipo fuko alipo. Usipoteze nguvu kwa vilima vya zamani.

Chimba taratibu hadi uione njia yake, kisha tega mtego ambao wazee wetu walitumia. Fimbo ya kupindika inachomekwa kando ya njia. Kwenye ncha yake kunafungwa kitanzi cha waya mwembamba, kinachoshushwa ndani ya njia. Kamba inayoizuia fimbo isiruke inapita katikati ya njia, imefunikwa kwa udongo kidogo. Fuko akija kuziba anaikata kamba kwa meno, fimbo inaruka, kitanzi kinamkaza. Watoto wasitie mkono katika shimo, sababu meno yale yanakata sana.

Akiisha kukamatwa, bomoa njia zake kwa jembe na uzijaze udongo, ili mwingine asipate nyumba ya bure.

Usiache viazi ardhini kama ghala. Viazi vitamu vingi vinakomaa kati ya miezi 4 na 6. Vikiisha kukomaa, uvune hata kidogo kidogo, ukianza upande wenye vilima. Fyeka majani marefu ya mpakani, maana huko ndiko fuko anakaa kabla ya kuingia kwako. Wengine wanapanda tefrosia kuzunguka shamba ili kumfukuza. Wengine wameona faida, wengine hawakuona. Tusiitegemee peke yake, na tukumbuke kwamba nayo ina sumu: majani yake yanaua samaki, yasitupwe mtoni.

Lakini neno kubwa ni hili: mama mmoja akitega peke yake, anafanya kazi ya bure. Fuko hajui mpaka wa shamba. Ndiyo sababu tunaomba kila kikundi kifanye salongo ya fuko, siku moja, mashamba yote ya kilima kimoja, kabla ya kupanda. Kama hakuna anayejua kutega, kuna wazee na vijana wenye ufundi huo wanaolipwa kwa kila fuko wanayemleta. Sanduku la kikundi lilipe, mama mjane asiachwe kwa kukosa feza. Na anayetega awafundishe wamama wawili, ili mwaka ujao tusitafute mtu mbali.

Kwa yule aliyekwisha kutia sumu, tunamsihi: waambie majirani leo, bila aibu. Funga kuku na mbuzi. Sumu iliyobaki isikae jikoni wala katika chupa ya kunywea. Iulize kwa agronomu namna ya kuitupa. Na tuwafundishe watoto sheria ya koko: mnyama asiyejulikana nani alimuua, haliwi.

Kama mtoto amekula au ameshika sumu, ukaona anatoka mate mengi, anatapika, anatoka jasho, au anatetemeka, usingoje usiku upite. Usimtapishe kwa nguvu. Usimnyweshe mawese wala maziwa, hata kama wengi wanasema ni dawa. Kama iko kwenye ngozi, mvue nguo, umwoshe kwa maji mengi na sabuni. Kisha kimbia naye kituo cha afya, ukichukua na kaplastiki kale ka sumu, ili muganga aone ni kitu gani.

Viazi vinaweza kupandwa tena. Juma lijalo mtuandikie kikundi chenu kimepanga salongo siku gani, ili walio kilima cha jirani wajiunge nanyi.

Tubaki na amani, na mashamba yetu yabarikiwe.