Bunduki Si Pikipiki ya Kuuziana Mtaani

Wasee, tuelewane mapema ndio tusisumbuane huko mbele. Kuna hoja moja inazunguka kila wakati wizi ukizidi: ati mtu mwenye pesa zake akimpata mtu mwenye bastola yake, wakubaliane bei, wauziane, serikali ikae kando. Muuzaji ameridhika, mnunuzi ameridhika, kwani nani ameumia? Watu wawili wazima, biashara yao.

Hapana. Hiyo hoja ni mbovu na leo naivunja kipande kwa kipande. Nikimaliza nayo nitageukia serikali, kwa sababu nayo haiko safi.

Tuanze na vile tumezoea. Ukinunua pikipiki ya mtu hapa Kenya, unaikagua, unasikiliza injini, unatoa doo, unaondoka nayo. Mambo ya kubadilisha logibuku yanakuja baadaye, na sote tunajua hiyo "baadaye" inaweza kuwa miaka miwili. Kitu kinatangulia, karatasi inafuata ikichechemea.

Kwa bunduki huo mpangilio umepinduliwa. Sheria ya Silaha, Sura ya 114 ya sheria za Kenya, inasema hakuna mtu kununua, kupata wala kukaa na bunduki au risasi bila cheti. Soma tena neno la kwanza: kununua. Si kubeba tu, si kufyatua tu. Umeshika bastola ya msee, umemtumia pesa, hujapiga hata jiwe nayo, tayari una kesi. Na hii si kesi ya kulipa faini jioni urudi nyumbani kula ugali. Ni miaka jela.

Muuzaji naye hajaachwa. Sheria inamkataza kumuuzia au kumhamishia bunduki mtu ambaye hajaonyesha cheti kinachomruhusu kuinunua. Yaani ile hadithi ya "mimi niliuza tu, alichofanya nayo ni shauri yake" imefungwa mlango. Ukiuza bila kuona cheti, mnapanda kizimbani nyote wawili.

Kitu kingine watu hawataki kuelewa: cheti ni cha mtu. Kinataja jina, kinataja silaha, kinataja hata risasi ngapi unaruhusiwa kuwa nazo. Kwa hivyo jamaa akikuuzia bastola na cheti chake juu, ati "kila kitu kiko sawa bro, karatasi zote ziko," amekuuzia karatasi yenye jina la mtu mwingine. Ni kama kusafiri na pasipoti ya binamu yako kwa sababu mnafanana. Na mzee akifariki aache bastola kwa kabati, cheti kilikuwa chake, si cha familia. Hiyo haigawanywi kama shamba. Inapelekwa kituo cha polisi, halafu anayeitaka aanze safari yake ya kuomba.

Safari yenyewe ni ya kujibu maswali. Wewe ni nani? Una rekodi ya uhalifu? Akili yako iko timamu? Wewe ni mlevi? Ulevi na akili zimo ndani ya sheria yenyewe, si maneno yangu. Na swali kubwa kuliko yote: una sababu gani nzuri ya kutaka bunduki? "Naipenda" si sababu. "Nimeiona kwa muvi" si sababu.

Sasa najua jibu lenu kwa sababu nimelisikia mara mia: "Majambazi hawaendi kuomba cheti. Sheria inawafunga mikono watu wazuri peke yao." Hii ndiyo hoja yenu yenye nguvu, kwa hivyo tuishughulikie vizuri.

Bunduki haioti shambani kama mchicha. Inatoka kiwandani. Nyingi ya zile haramu zilianza maisha zikiwa halali: za jeshi la nchi fulani, za polisi, za raia mwenye cheti. Halafu siku moja mkono mmoja ukapitisha kwa mkono mwingine bila kuuliza maswali. Hapo ndipo ilipogeuka. Yule jambazi hakuunda ile bastola, alipewa au aliuziwa na mtu. Ukisema muuzaji wa kibinafsi aachwe auze bila maswali, hujamsaidia mtu mzuri kupigana na jambazi. Umemfungulia jambazi duka.

Na tayari duka la aina hiyo liko. Makadirio ya Small Arms Survey ya 2017 yaliweka bunduki mikononi mwa raia Kenya kuwa karibu 750,000. Zilizosajiliwa? 8,000 na kitu. Serikali nayo ikachoma bunduki 5,250 pale Ngong mwaka 2016, na 5,144 mwaka 2021, kamera zikiwa hapo, moshi juu, hotuba ndefu. Jumlisha: 10,394. Weka hiyo kando ya 750,000 uone kama mapambano yanafanana na maneno. Waulize watu wa Baringo, Turkana na Pokot Magharibi soko huria la bunduki limewaletea usalama gani. Kule jirani alijihami, na jirani yake akajihami, na sasa shule zinafungwa na mifugo inahesabiwa na aliyeiiba.

Wale mnaopenda mfano wa Marekani, twendeni Marekani basi. Huko, tangu sheria ya Brady ya 1993, duka lenye leseni lazima lihakikishe rekodi ya mnunuzi. Lakini sheria ya taifa haimlazimishi muuzaji wa kibinafsi kufanya hivyo. Majimbo kadhaa yameziba hilo pengo yenyewe, Texas haikuziba. Mwaka 2014 mwanaume mmoja wa huko alijaribu kununua bunduki dukani, akakataliwa kwa sababu ya historia ya afya ya akili. Mfumo ulifanya kazi. Halafu 2016 akanunua bunduki kutoka kwa mtu binafsi, bila kuhakikiwa rekodi. Tarehe 31 Agosti 2019 akaendesha gari kati ya Midland na Odessa akifyatua risasi. Watu saba wakafa. Aliyemuuzia alifungwa miaka miwili, kwa kufanya biashara ya silaha bila leseni.

Mnaona? Watu wawili wazima, biashara yao. Waliozikwa hawakuwa kwenye hayo mazungumzo ya bei.

Sasa serikali, usitabasamu. Zamu yako imefika.

Sheria iko sawa kwa karatasi, lakini inaonekana kama ya wenye majina. Swali la "sababu nzuri" linajibiwa haraka ukiwa na kampuni, shamba na namba ya simu ya mkubwa. Nani ana sababu nzuri kuliko mama anayeamka saa kumi usiku kwenda Marikiti na pesa za mboga zimefungwa kwenye leso? Sisemi apewe bastola. Nasema yeye anaambiwa angoje polisi, na mwanasiasa anaonekana kwenye mkutano na kitu kimevimba kiunoni, halafu wote wawili tunawaambia sheria ni moja.

Na msituambie mfumo wenu hauna shimo. Desemba 2018 serikali yenyewe iliamuru raia wote wenye leseni za bunduki wahakikiwe upya. Huwezi kuhakiki upya kitu unachokiamini. Ile amri ilikuwa kukiri kwamba kuna karatasi zilitoka mahali zisipofaa kutoka. Kama cheti kinaweza kununuliwa, basi hata mimi nikimwambia kijana afuate sheria ananicheka, na sina cha kumjibu.

Kwa hivyo haya ndiyo ninayodai, na si makubwa. Masharti yote yabandikwe kwa Kiswahili katika kila kituo cha polisi, hatua kwa hatua, na ada zake, ndio broka akose kazi. Anayenyimwa cheti apewe sababu kwa maandishi. Bunduki ikihama kutoka mtu mmoja hadi mwingine, makabidhiano yafanyike mbele ya afisa, si kwenye maegesho ya hoteli. Na kila mwaka Bodi ya Leseni za Silaha itangaze idadi: vyeti vingapi vimetolewa, vingapi vimekataliwa, vingapi vimefutwa, bunduki ngapi zimeripotiwa kupotea. Majina wabaki nayo. Sisi tupe hesabu.

Na wewe kijana mwenzangu, ukifuatwa na mtu ati ana "chuma" ya kuuza, bei ya urafiki, usidanganywe. Hiyo itakuwa moja ya vitu vitatu. Ni bunduki iliyoua mtu na mwenyewe anatafuta wa kubaki nayo. Au ni mtego wa karao. Au ni tapeli, atachukua pesa zako azime simu, na hutaenda kuripoti, kwa sababu utaenda kuandikisha nini? "Afande, nimetapeliwa nikinunua bunduki bila cheti"?

Watu wananiambia kudai makaratasi ni tabia ya waoga. Mimi naona mwoga ni yule anayetaka silaha ya kuua na hataki kuulizwa jina lake. Kama nia yako ni kulinda nyumba yako, maswali matano hayakuui. Na kama yanakuuma hivyo, basi wewe ndiye mtu ambaye maswali hayo yaliandikiwa.