Picha za binti zimeniumbua!

Kila wiki nakaa hapa nawaanika majirani zangu wa Tandika. Leo zamu yangu, na msinicheke sana.

Nina binti, kifunguamimba, ana miaka 16, yuko kidato cha tatu. Likizo ya Desemba nikajikamua, nikaenda naye Kariakoo, mtaa wa Aggrey, nikamnunulia simu ya mtumba. Kijana wa dukani akauliza, "Mzee, tunaiwasha kwa akaunti gani?" Binti hana, mimi ninayo, nikaitoa yangu. Akabonyeza-bonyeza pale, akasema tayari, nikalipa, tukadandia daladala tukarudi nyumbani.

Kumbe nimejitobolea ukuta! Akaunti moja ya Google ikikaa kwenye simu mbili, na zote zimeruhusiwa kuhifadhi picha huko, basi inayopigwa na hii inatokea kwenye ile. Mimi nikayajua hayo baada ya wiki mbili, nikiwa kijiweni nasubiri kahawa. Natafuta picha ya risiti ya umeme, nakutana na wasichana wanne wa sare wamenitolea ndimi.

Nilicheka. Ilibidi nifike nyumbani nimwambie, "Mwanangu, picha zako zinakuja kwangu." Sikumwambia.

Tena nikanogewa. Taarifa ya habari ikiisha, mzee mzima naingia chooni na simu. Nyingi zilikuwa kurasa za baiolojia, chipsi mayai, na paka wa mama mwenye nyumba. Lakini jioni moja zikaingia za wasichana wanajaribu nguo za sherehe, mmoja yuko na kanga tu. Watoto wa watu hao! Wamepigwa na mwenzao, chumbani, mlango umefungwa, nami nimewabeba mfukoni hadi kijiweni. Jamaa yangu mmoja akachungulia begani: "Aisee, huyo nani?" Nikazima simu mikono inatetemeka. Ningemjibu nini? Na je, simu ingekwapuliwa kwenye daladala?

Mtadhani niliacha. Wapi!

Wiki iliyofuata ikaingia picha ya mvulana, fulana nyeupe, kaegemea bodaboda, meno yote nje. Nikaifuta. Sikufikiri, kidole kilikwenda chenyewe. Siku mbili mbele ikaja picha ya karatasi ya vidonge, na hapo damu ikachemka. Nikasema basi, mambo yameshaharibika! Nikaingia sebuleni nimevimba kama andazi.

"Wewe! Vile vidonge ni vya nini?"

Binti akamtazama mama yake. Mama yake akatazama sakafu.

"Baba, umeviona wapi?"

"Nijibu kwanza!"

"Ni vya mama," akasema polepole. "Vya presha."

Nguvu zikaniishia. Mama watoto alikuwa na miezi mitatu anameza amlodipine, kidonge kimoja kila siku, na mimi nalala naye kitanda kimoja sijui. Binti ndiye anayetumwa duka la dawa, na ili asikosee jina akaipiga picha ile karatasi. Nikamuuliza mama watoto kwa nini kanificha. Akanijibu, "Ada imekukaba, kila shilingi unaipigia kelele. Nilikuwa natafuta siku nzuri ya kukuambia." Siku yenyewe ndiyo hiyo nikawa nimemnyang'anya, tena kwa kumfokea mtoto.

Lakini kilichonimaliza kilikuwa bado. Binti akauliza, "Kwa hiyo na ile picha ya kaka yake rafiki yangu ni wewe uliyeifuta?" Kumbe nilipofuta kwangu, simu yake ilimletea ujumbe kwamba kuna picha imefutwa kwingine, je, naye aifute hapo kwake? Mtoto akajua kuna mwizi ana picha zao zote. Siku mbili hakulala. Alingoja apigiwe simu na mtu wa kumdai hela, au picha zisambazwe shuleni.

"Sasa kwa nini hukuja kwangu?" nikamuuliza.

"Ungechukua simu, baba."

Hapo nikamkumbuka marehemu mzee wangu. Mwaka 1994 alifungua barua niliyoandikiwa na msichana wa Morogoro, akaisoma kwa sauti mbele ya wajomba zangu, wakacheka mpaka chai ikapoa. Barua yenyewe ilikuwa ya pole kwa malaria! Mzee amekufa 2011, na tangu siku ile ya barua sikuwahi kumweleza jambo langu hata moja la moyoni. Alikuwa mzazi mzuri, alinilipia ada bila kuchelewa. Ila mlango ule ulifungwa.

Najua wapo wazazi watakaosema simu nimenunua mimi, mtoto ni wangu, faragha atajipa akiolewa. Nami nilikuwa kwenye kundi hilo. Sheria ya Mtoto ya 2009 inanipa wajibu wa kumlinda, na siukimbii. Lakini Katiba yetu, ibara ya 16, inapohifadhi maisha binafsi na mawasiliano ya mtu, haisemi mpaka uwe na ndevu. Na wale wenzake watatu je? Hao simu sikuwanunulia.

Jumapili tukakaa chini. Akafungua akaunti yake, tukahamishia picha zake huko kwanza, tukaiondoa yangu kwenye simu yake, ndipo nikazifuta zake zote kwangu. Yule mvulana wa bodaboda tukamkuta kwenye pipa la taka la simu, maana picha zilizohifadhiwa hukaa humo siku 60 kabla ya kupotea kabisa. Nikamrudisha kwa mkono wangu mwenyewe, inauma. Tumekubaliana nikitaka kuona kitu naomba, naye ana ruhusa ya kukataa. Na mtu asiyemjua akimwomba picha, ananionyesha siku hiyo hiyo, na simu haichukuliwi. Dawa za mama watoto sasa nanunua mimi.

Akasema wenzake atawaeleza mwenyewe. Juzi mmoja wao kapita nyumbani, akaniamkia, "Shikamoo baba," huku anatazama pembeni na kuvuta mtandio ukae vizuri. Nikaitikia marahaba, nikachukua kiti changu nikahamia nje.