Lenzi ya Zamani Bado Inapiga

Wasee, mbona mnangoja doo ya lenzi mpya? Mimi nimefunga Helios 44-2 ya Usovieti kwa Sony yangu na adapta tu, pete ya chuma isiyo na kioo wala waya. Lenzi za M42 hukaa milimita 45.46 kutoka kwa filamu, Sony inataka 18. Adapta inajaza hiyo 27 na ushee. Wa DSLR za Nikon, poleni, nafasi haitoshi. Vitu vya mbali vitabaki na ukungu.

Fokasi ni ya mkono, kwa hivyo mtoto anayekimbia utamkosa. Lakini mtu ametulia, majani nyuma yake yanazunguka kama kimbunga? Lenzi iliyokuja na kamera haikupi hiyo.

Halafu washa kwa menyu ruhusa ya kupiga bila lenzi. Mimi nilipoteza jioni nzima nikilaumu adapta.